Leseni ya antivairasi imeisha. Nilipie tena?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina laptopu ya Windows 11 tunayoitumia nyumbani mimi, mke wangu na watoto wawili. Ilikuja na antivairasi ya majaribio. Muda wake umeisha, na sasa kila nikiwasha naletewa maandishi mekundu kwamba kompyuta iko hatarini, nilipie ada ya mwaka. Rafiki yangu anasema ile kinga ya Windows yenyewe ni ya bure, kwa hiyo haifai kitu. Mwanangu mkubwa anasema nisilipe, ataniwekea antivairasi nzuri iliyofunguliwa. Juu ya hayo, flashi za watoto zinasumbua: mafolda yanageuka kuwa njia za mkato. Nishike la nani?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe ili usisome huku roho ikidunda: usilipe. Iondoe kabisa hiyo antivairasi ya majaribio, iache kinga ya Windows ifanye kazi yake, na fedha uliyotaka kulipia ada nunulia diski ya nje ya kuhifadhia nakala za mafaili yenu. Rafiki yako alisema kweli, ila ni kweli ya miaka kumi na kitu iliyopita. Mwanao hajasema kweli ya wakati wowote, na pendekezo lake linanitisha kuliko hayo maandishi mekundu. Nitalifikia.

Kwanza tujue maandishi yenyewe yanatoka kwa nani, maana wanaoandika kwa wino mwekundu ni watatu na wanafanana sana. Wa kwanza ni ile programu ya majaribio. Huyo anataka fedha, lakini hasemi uongo mtupu: yeye hakulindi tena, ni kweli. Anachonyamazia ni kwamba Windows ina kinga yake, ambayo ilikaa pembeni kwa sababu yeye alikuwapo. Ukimwondoa, ile inarudi kazini yenyewe.

Wa pili ni tovuti fulani ambayo siku moja mmoja wenu aliiambia “Ruhusu” ilipoomba kutuma arifa. Tangu hapo inatuma vijisanduku kwenye kona ya chini ya skrini, vyenye nembo ya antivairasi maarufu, vikisema virusi watano wamepatikana. Tazama kwa makini maandishi madogo ya kijisanduku: utaona jina la kivinjari, yaani programu mnayofungulia tovuti, na anwani ya tovuti. Hicho si kirusi, na hakuna antivairasi itakayokiondoa, kwa sababu ruhusa mliitoa wenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, tafuta sehemu ya arifa, futa kila tovuti usiyoitambua. Kazi ya dakika mbili. Niliwahi kuletewa kompyuta ambayo mwenyewe alikuwa amelipa mara mbili kwa ajili ya vijisanduku hivi, mara ya kwanza kwa kampuni halali na mara ya pili kwa matapeli, na vijisanduku vikaendelea kuja vilevile.

Wa tatu ndiye mbaya: ukurasa unaojaza skrini nzima, unapiga king’ora na kukupa namba ya simu ya “msaada”. Onyo la kweli la Microsoft haliwi na namba ya simu. Bonyeza kitufe cha Esc ukishikilie. Ikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha funga kivinjari kutoka kwenye orodha itakayofunguka. Usipige ile namba. Atakayepokea atakuomba uweke programu ya kumruhusu aingie kwenye kompyuta yako kutoka huko aliko, na ukishamruhusu, antivairasi ya aina yoyote itamtazama tu, kwa sababu programu hiyo ni halali na aliyeiweka ni wewe.

Sasa turudi kwa rafiki yako. Desemba 2004 Microsoft ilinunua kampuni ndogo iliyoitwa GIANT, na kutokana na kazi ya kampuni hiyo ikatoka Windows Defender, ndiyo hii kinga ya Windows, ambayo wakati huo ilishughulika na programu za kijasusi tu. Mwaka 2009 wakatoa Microsoft Security Essentials, ya bure, ambayo ulilazimika kuipakua mwenyewe. Haikuwa hodari. Mwaka 2012 maabara ya AV-TEST iliyopo Magdeburg, Ujerumani, iliinyima cheti baada ya kuipima. Mwaka huohuo Windows 8 ikatoka na Defender ndani yake ikiwa antivairasi kamili, lakini kwa miaka michache iliyofuata ilikuwa inaburuta mkia. Nami siku hizo nilikuwa nikiwaambia watu wasiitegemee, na wengi wanaorudia maneno hayo leo pengine waliyasikia kwa mafundi kama mimi.

Kilichobadilika ni namna ya kufanya kazi. Zamani antivairasi ilikuwa na daftari la alama za virusi wanaojulikana. Faili likija, inalilinganisha na daftari. Leo virusi wapya wanazalishwa na mashine kwa wingi usiohesabika, kila mmoja akiwa amebadilishwa kidogo, kwa hiyo daftari peke yake halitoshi. Defender ikikutana na faili isilolijua, inatuma alama zake kwenye seva za Microsoft, huko linalinganishwa na yaliyoonekana kwenye kompyuta nyingine duniani, na jibu linarudi kwa muda mfupi sana. Mwenye kompyuta nyingi zinazomletea habari ndiye anayejua mapema, na hakuna mwenye kompyuta nyingi za Windows kuliko Microsoft. Siku hizi AV-TEST, ambao hutoa alama hadi 6 kwa kila moja ya mambo matatu, yaani ulinzi, wepesi na urahisi wa matumizi, huipa Defender alama kamili za ulinzi kipimo baada ya kipimo. AV-Comparatives wa Innsbruck, Austria, nao huiweka kwenye kundi moja na za kulipia. Tofauti inayobaki kati yao huwa ni ya vipande vya asilimia, na mshindi wa leo si lazima awe mshindi wa kipimo kijacho.

Kwa hiyo ukilipia unanunua nini? Zaidi ni kapu. Ndani ya kapu utakuta VPN, programu ya kutunza manenosiri, udhibiti wa watoto, na kitu kinachojiita kisafisha kompyuta. Kutunza manenosiri kivinjari chako kinajua, na zipo programu nzuri za bure za kazi hiyo. Udhibiti wa watoto umo ndani ya Windows. VPN haizuii virusi hata mmoja. Inaficha tu njia unayopitia. Kuhusu kisafishaji nitasema wazi: sijawahi kuona kompyuta iliyopona kwa sababu yake, ila nimeona zilizougua.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kikulacho ki nguoni mwako, na antivairasi ndiyo nguo ya ndani kabisa. Ili ikague kila faili lazima ipewe mamlaka makubwa kuliko programu nyingine zote, na kosa lake linakuwa kosa la kompyuta nzima. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la McAfee lilidhani faili la msingi la Windows XP, svchost.exe, ni kirusi. Kompyuta nyingi sana zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Mwaka 2016 Tavis Ormandy, mtafiti wa Google, alionyesha udhaifu katika bidhaa za Symantec na Norton: kumtumia mtu barua pepe yenye faili lililotengenezwa kwa hila kulitosha, hata asipoifungua, kwa sababu antivairasi ilikuwa inamfungulia yenyewe ili ikague. Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, ambayo ni kinga ya makampuni na haiuzwi kwa matumizi ya nyumbani, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Sisemi kwamba Defender haikosei. Nasema ukiongeza programu ya namna hii umeongeza kitu kinachoweza kukosea, basi kiwe na sababu ya kuwapo.

Za bure za makampuni mengine je? Huko napo lazima uulize nani analipa. Kwa miaka kadhaa Avast ilikusanya kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Habari hizo zilipofichuliwa Januari 2020 Jumpshot ilifungwa, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Watu walikuwa wameiweka ili isiwepo programu ya kuwachungulia. Na ukidhani unachagua kati ya Norton, Avast, AVG na Avira, jua kwamba majina hayo manne yote sasa yako chini ya kampuni moja, Gen Digital.

Hata hivyo jibu langu ni kwa nyumba kama yako, na wako ambao ningewaambia walipe. Nimeeleza kwamba nguvu ya Defender iko kwenye seva za Microsoft. Kompyuta isiyo na intaneti inabaki na daftari tu, na katika vipimo vya AV-Comparatives vya bila intaneti Defender hushuka wazi ikilinganishwa na baadhi ya za kulipia, ambazo hubeba daftari nene zaidi na huangalia mwenendo wa programu hapohapo kwenye mashine. Kama kompyuta yako inaonja intaneti mara moja kwa wiki na siku zote nyingine inapokea flashi za watu, antivairasi kama ESET au Bitdefender ina maana. Mwingine ni yule anayetunza taarifa za wateja au wagonjwa kwenye hiyo hiyo kompyuta ya nyumbani. Huyo anahitaji ripoti na mtu wa kumpigia simu usiku. Na yupo mwenye wazazi wazee walio mbali, anayetaka kuona kwenye simu yake kompyuta yao iko salama au la. Huyo ananunua utulivu wake, na sioni aibu kumwambia anunue.

Asiyestahili kulipa ni mwenye Windows ya zamani anayetumaini antivairasi itamfidia. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Miezi miwili ilikuwa imepita. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7 ambayo haikusasishwa, na kirusi hakikumsubiri mtu abofye chochote. Kilitoka kompyuta moja hadi nyingine chenyewe. Hili liseme na kwa rafiki yako kama bado yuko kwenye Windows 10: msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa masasisho ya ziada kwa watumiaji wa nyumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Daftari la Defender litaendelea kuletwa hadi mwaka 2028, na hapo ndipo watu watakapodanganyika, wakiona alama ya kijani wakati matundu ya mfumo wenyewe hayazibwi tena.

Nifike sasa kwa mwanao na antivairasi “iliyofunguliwa”.

Fikiri alichokuahidi. Programu yenye mamlaka kuliko zote kwenye kompyuta, iliyopasuliwa na kushonwa upya na mtu asiyejulikana, ambaye hakulipwa na yeyote kwa kazi hiyo. Alifanya kwa hisani? Karibu kila maelekezo ya kraki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bila leseni, yanaanza na sentensi moja: zima antivairasi kabla ya kufungua, la sivyo itadhani ni kirusi. Mtoto anazima, kwa sababu video aliyoitazama ilisema hivyo na mchezo wa jana ulifanya kazi.

Kinachoingia hapo siku hizi si kile kirusi cha zamani cha kuchelewesha kompyuta na kufuta mafaili. Ni programu za wizi wa taarifa, na tabia yake ni tofauti kabisa. Inafunguka, inakusanya manenosiri yote yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, inachukua vidakuzi, yaani vile vitambulisho vinavyokufanya usiulizwe nenosiri kila unapofungua barua pepe yako, inachukua picha ya skrini, inatuma kila kitu kwa mwenyewe, na mara nyingi inajifuta. Yote hayo yanaweza kuisha kabla maji ya chai hayajachemka. Kesho yake unaendesha ukaguzi, antivairasi inakwambia hakuna kitu, nayo inasema kweli.

Vidakuzi ndivyo watu wasivyovielewa. Hata kama umeweka uthibitishaji wa hatua mbili, mwizi mwenye kidakuzi chako anaweza kuingia bila kuulizwa kitu, kwa sababu tovuti inamwona kama wewe uliyeingia jana. Mei 2025 Microsoft, pamoja na vyombo vya sheria vya nchi kadhaa, walivunja mtandao wa programu moja ya aina hii iitwayo Lumma. Walisema ndani ya miezi miwili tu, kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, walihesabu kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa nayo. Hiyo ni programu moja, na baada ya kuvunjwa wenzake hawakukosa.

Mteja wangu mmoja alikuwa na antivairasi ya kulipia, leseni hai, masasisho ya asubuhi hiyohiyo. Kijana wake alipakua kitu cha kumsaidia kushinda kwenye mchezo, akaizima antivairasi kwa dakika kumi kama alivyoelekezwa, akaiwasha tena kwa uaminifu. Jioni akaunti ya barua pepe ya baba ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na baada yake kila akaunti iliyotegemea barua pepe hiyo. Aliniuliza abadilishe kwenda antivairasi ipi. Sikuwa na jina la kumpa.

Kuna mtego mwingine wa wezi hao ambao hauhitaji kupakua chochote. Unafungua ukurasa, unaambiwa uthibitishe kwamba wewe si roboti. Badala ya picha za kuchagua, unaelekezwa ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukifanya hivyo umebandika na kuendesha amri ambayo ukurasa ulikunakilia kimyakimya. Mwambie kila mtu nyumbani, na mkeo pia, kwamba hakuna tovuti halali inayothibitisha ubinadamu wa mtu kwa vitufe hivyo. Hapo Defender inaweza kuzuia, na ya kulipia inaweza kuzuia, na zote zinaweza kupitwa, kwa kuwa amri imetolewa na mwenye kompyuta.

Ikitokea mmoja wenu ameshafanya, msianze na ukaguzi. Chukua simu au kompyuta nyingine iliyo safi, badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, kisha tafuta sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote, ndipo vile vidakuzi vilivyoibwa vinapokufa. Baada ya hapo akaunti za fedha, kisha nyingine. Kompyuta yenyewe mimi huifuta na kuiwekea Windows upya. Najua mafundi wenzangu wengine huona nimezidisha.

Basi ufanye nini Jumamosi hii? Ondoa ile antivairasi ya majaribio kupitia mipangilio ya programu. Ikiwa ni sugu, kampuni zinazotengeneza antivairasi huwa na kifaa maalumu cha kuondolea bidhaa yao kwenye tovuti yao rasmi. Kitumie, kisha zima na kuwasha. Fungua Windows Security, sehemu ya usalama iliyomo ndani ya Windows, uone alama za kijani, na uhakikishe ulinzi wa muda wote umewashwa, ulinzi wa wingu (ule unaouliza seva za Microsoft) umewashwa, na kile kinachozuia programu zisizotakikana kimewashwa pia. Usiweke antivairasi mbili za kulinda kwa pamoja. Zitagombana, na kompyuta ndiyo itakayolemewa.

Hapohapo kwenye Windows Security, sehemu ya virusi, ukishuka hadi chini utakuta kinga dhidi ya virusi wanaofunga mafaili na kudai fidia. Ndani yake kuna swichi ya kudhibiti nani anaweza kugusa mafolda yako ya picha na nyaraka. Huwa imezimwa. Iwashe, lakini jiandae kwa usumbufu kidogo: programu halali nazo zitazuiwa mara ya kwanza, na itakubidi uziruhusu moja moja. Mimi naona inafaa kwa kompyuta inayotumiwa na watoto.

Lenye faida kubwa kuliko yote haya ni la akaunti. Watoto wako pengine wanatumia akaunti yako yenye mamlaka ya msimamizi. Watengenezee akaunti zao za kawaida, na nenosiri la msimamizi libaki kwako na kwa mama yao. Hapo kraki inayotaka kujisakinisha ndani ya mfumo itakuja kuomba nenosiri, mtoto atakuja kukuita, nawe utauliza ni kitu gani. Kuhusu akaunti ya kawaida jua na kasoro yake: mwizi wa vidakuzi hahitaji mamlaka hayo kuiba vya huyo mtoto mwenyewe. Vyako hatavifikia.

Kisha ile diski. Nakili picha, nyaraka na kazi za shule mara moja kwa wiki, halafu ichomoe na kuiweka kabatini. Diski inayobaki imechomekwa hufungwa na virusi wa fidia pamoja na kompyuta, na nimeshuhudia mtu akilia kwa sababu hiyo. Vitu visivyopatikana tena viwe na nakala ya pili mahali pengine, hata kama ni kwenye wingu.

Faili likikutilia shaka, kabla ya kulifungua lipandishe VirusTotal, huduma ya Google inayolikagua kwa antivairasi zaidi ya sitini kwa mara moja. Yaani kwa swali la faili moja, antivairasi nyingi za kulipia unazo bure. Usipandishe tu barua zako binafsi au nakala za vitambulisho, kwa maana yanayopandishwa huko huonwa na makampuni ya usalama. Na kama unahisi kuna kitu kimejificha, Defender ina ukaguzi wa nje ya mfumo: kompyuta inajizima, inawaka bila Windows kamili, inakagua kwa takriban robo saa. Kirusi kinachojificha Windows ikiwa kazini hapo hakina pa kujificha.

Ukiamua kulipa hata hivyo, ni haki yako. Basi usilipe kupitia kisanduku chekundu. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Angalia bei ya mwaka wa pili, ambayo mara nyingi hupanda kuliko ya kwanza, na uzime kujilipia upya siku hiyohiyo. Mac ina kinga yake ya ndani, XProtect, tangu mwaka 2009. Simu za Android zina Play Protect, na kwenye iPhone kinachoitwa antivairasi hakiruhusiwi hata kukagua programu nyingine, kwa hiyo usilipie.

Limebaki la flashi. Ugonjwa huo mafundi wote wanaujua, na watu wengi wamepoteza kazi zao kwa kuutibu vibaya. Kirusi hakifuti mafolda. Kinayapa sifa ya kufichwa na sifa ya mafaili ya mfumo, Windows inaacha kuyaonyesha, kisha kinaweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya njia ya mkato inaendesha kirusi kwanza, halafu inakufungulia folda yako halisi, ndiyo maana mtoto haoni tofauti na anaendelea kuisambaza. Anayekimbilia kufomati ndiye anayezipoteza kazi.

Anza na kompyuta, uikague yote; la sivyo kila flashi utakayoisafisha itaambukizwa upya ikiguswa. Kisha chomeka flashi bila kubofya chochote ndani yake na utazame imepewa herufi gani, tuseme E. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows andika cmd, bonyeza Enter, na kwenye dirisha jeusi andika hivi, ukiacha nafasi kama zilivyo:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize. Fungua flashi kwa kupitia orodha ya upande wa kushoto, utaona mafolda yako ya kweli yamerudi. Usipoyaona, tafuta folda moja isiyo na jina. Baadhi ya virusi hawa huhamishia kila kitu humo. Nakili kazi zenu, futa njia zote za mkato pamoja na faili lolote geni linaloishia na .vbs, .js au .exe ambalo hukuliweka, kisha bofya flashi kwa kitufe cha kulia na uiagize Defender iikague. Washa pia mpangilio wa kuonyesha viishio vya majina ya mafaili, ili faili linalojiita picha na kuishia na .exe lionekane lilivyo. Na flashi ya watoto ya kubebea kazi za shule ibaki ya kazi hiyo tu. Picha zenu za familia zisipande humo.